Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mbeya

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wataalamu wa kinga ya moto,

Nianze na mlango. Mwezi Juni mimi na wenzangu wawili tuliitwa kuangalia hosteli moja ya wanafunzi mjini Iringa. Kwenye ramani kila kitu kilikuwa safi: mlango wa dharura mwisho wa korido, unafungukia nje. Tulipofika tuliukuta unafungukia ndani, umepigwa kufuli, na ufunguo uko kwa matroni anayelala jengo la pili. Madirisha yote yana nondo. Mtungi wa kuzimia moto upo ukutani, mshale umelala kwenye nyekundu, yaani hauna presha ya kutosha. Ramani ile ilikuwa na mhuri wa mtu anayejiita mtaalamu wa kinga ya moto. Tulimuulizia kila mahali. Hakuna chama wala bodi inayomtambua.

Sisi wa Mbeya hatuhitaji kusimuliwa moto. Tuliona soko la Mwanjelwa likiteketea mwaka 2006, tukaona soko la SIDO mwaka 2017.

Mhandisi haruhusiwi kufanya kazi nchini bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ndivyo inavyotaka sheria ya 1997. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nalo lina sheria yake ya 2007 na linakagua majengo. Lakini mara nyingi mkaguzi anafika nyumba imeshasimama, na kubomoa ngazi iliyojengwa vibaya ni ugomvi mkubwa. Kazi ya chama cha kitaaluma iko kabla ya hapo: kumpima mtu hajashika kalamu, kumwendeleza kwa mafunzo, na kumwajibisha akikosea.

Uingereza wana Institution of Fire Engineers, chama cha wahandisi wa moto, tangu 1918. Hata hivyo, baada ya jengo la Grenfell kuungua London mwaka 2017 na kuua watu 72, tume ya uchunguzi ilipendekeza mwaka 2024 kwamba taaluma ya mhandisi wa moto itambuliwe na ilindwe kisheria, maana yeyote aliweza kujiita jina hilo. Kama wenzetu wamelifikia hilo baada ya karne nzima, sisi tusisubiri msiba.

Sasa jambo gumu. Mwanachama wetu mmoja alitia saini ramani ya ghala la mbao Mafinga bila kukanyaga eneo. Kamati ya maadili ilimsimamisha miezi sita. Iliniuma sana, kwa sababu kazi nilimfundisha mimi. Lakini tungemfumbia macho, mhuri wetu usingekuwa na tofauti na ule wa Iringa.

Taarifa ya fedha mnayo mkononi, mhazini ataisoma.

Kamati inaleta hoja moja: kila ramani inayopita kwa mwanachama iandikwe namba yake ya uanachama na tarehe aliyofika eneo la ujenzi. Hoja iko ukurasa wa pili wa makabrasha yenu. Naomba tuijadili kabla ya chakula cha mchana.