Kaka, Jumamosi usije kusubiri ree

Kaka,

Moshi kunasemaje? Huku Arusha baridi imeshaingia, Meru siku ya tatu leo hauonekani na mimi naandika nimevaa koti ndani ya nyumba. Msalimie shemeji na huyo mdogo.

Nimeisoma meseji yako ndefu ile, eti huna bahati, karata zinakukataa, Jumamosi unakuja tena Njiro kwenye mashindano yetu ya poka na safari hii utakuwa mvumilivu zaidi. Aisee. Hapo kwenye uvumilivu ndo nikaona nikae nikuandikie barua kabisa, maana uvumilivu wako ndo uliokula hela yako, wala sio bahati.

Tupige hesabu pole pole. Unalipa elfu ishirini, unapewa kete 3,000 (wenyewe tunaziita chipsi, na dada wa jikoni kila wiki anauliza ngapi ni za mayai). Blaindi, zile kete ambazo kila mgao watu wawili lazima waweke kwa zamu, mmoja ndogo mwingine kubwa, zinaanza 25 na 50, kila dakika 15 simu ya mwenye nyumba inalia zinapanda, 50 na 100, 75 na 150, 100 na 200, lisaa likiisha unakuta 200 na 400. Sasa pale tunachanganya karata wenyewe, huyu anaongea na simu, yule anauliza zamu ya nani, kwa saa nzima tukikazana sana tunagawa mara 25 hivi. Meza ina watu tisa. Yaani leveli moja, hizo dakika 15, unapata karata zako mbili mara sita tu, raundi haijamaliza kuzunguka meza na blaindi zimeshapanda!

Wewe lisaa lote hilo ukikunja tu, yaani unatupa karata bila kucheza, unatoa kama 500. Ndo maana haiumi, unajiona bado upo vizuri una 2,500. Lakini hizo 2,500 mwanzo zilikuwa blaindi kubwa hamsini, sasa hivi ni sita na ushee. Hakuna aliyekula kete zako, saa ndo imezila.

Na unachokisubiri hakiji kwa spidi hiyo. Ree mbili zinakuja mara moja kwa kila migao 221. Ukiongeza K mbili, Q mbili, na ree na K, yaani zile unazosema wewe ndo karata za kucheza, zote kwa pamoja ni kama mara moja kwa kila migao 39. Kwa migao 25 ya lisaa, zaidi kidogo ya nusu ya siku hutaona hata moja. Hiyo sio kukataliwa na karata kaka, ndo zilivyo.

Halafu hata zikija. Mwezi uliopita yalinikuta mimi mwenyewe, sikukwambia kwa aibu. Nimekaa pale karibu na dirisha nakunja nakunja, nina 900 zimebaki, blaindi 200 na 400, nainua kona ya karata naona ree ya kopa, nainua ya pili ree ya shupaza. Moyo ukaruka. Nikasukuma zote, wakaniita wawili, yaani wakaweka kete za kunifuata, bila hata kufikiria, maana 900 zinamtisha nani? Ree zikasimama, nikashinda, nikavuta 2,900 huku nacheka. Dakika nne baadaye simu ikalia, 300 na 600. Nimepata karata bora kuliko zote, nimeshinda, na bado sina hata blaindi tano! Nikatoka wa sita.

Kwa hiyo Jumamosi kitu cha kwanza, njoo mapema. Zile dakika 45 za mwanzo ndo rahisi, ingia kwa bei ndogo na jozi ndogo, na karata za mfululizo za aina moja, hasa ukiwa wa mwisho kuongea uone kwanza wenzako wanafanyaje. Jozi itapata ya tatu kwenye karata tatu za kwanza zinazofunguliwa mezani kama mara moja kwa nane au tisa, ikikosa achana nayo, ikipata weka hela nyingi bila kujivunga, pale watu wanaita kila kitu. Na kwa sababu hiyo hiyo usimdanganye mtu kwa karata mbovu leveli hizo, hasa yule mzee wa spea, yule hajawahi kukunja jozi toka azaliwe.

Blaindi zikishakula kiasi kwamba umebaki na blaindi kubwa kumi au nane, mchezo unabadilika kabisa. Hapo hakuna kupandisha kidogo kidogo, ni kusukuma zote au kukunja, na unasukuma wakati mzigo wako bado unamtisha mtu. Chukulia una 2,800, blaindi 200 na 400, wote wamekunja mpaka kwako, uko kwenye kitufe cha dila, yaani nyuma yako wamebaki wale wawili wa blaindi tu, na una J na 9 za uru. Wewe ungekunja, nakujua. Mimi nasukuma. Wakikunja wale wawili nimeokota 600, zaidi ya moja ya tano ya mzigo wangu bila kuonyesha karata. Akiniita mtu ana ree na K bado nashinda karibu mara nne kwa kumi. Anayesukuma ana njia mbili za kushinda, anayeita ana moja tu, kwa hiyo za kuitia ziwe nzuri kuliko za kusukumia. Hilo usilichanganye, wengi wanaliwa hapo.

Ila angalia unamsukumia nani. Mwenye mlima wa kete anaita kwa kujifurahisha, aliyebaki na mbili tatu anaita kwa sababu hana jinsi. Wa kumbana ni yule wa katikati, hasa tukibaki wanne na wanalipwa watatu. Tukiwa 18 na elfu tatu ya mwenye nyumba ikishatoka kwa kila mtu inabaki 306,000, wa kwanza anachukua 150,000, wa tatu 60,000. Saa hiyo watu wanaogopa kutoka wa nne mpaka wanakunja vitu vya ajabu, na wewe ndo unakuwa bize kuokota.

Utatoka mapema siku nyingine, sikufichi, unasukuma vizuri unakutana na K mbili basi unaenda kula nyama. Kwa hiyo beba misimbazi minne tu, ya kuingia na ya kurudia mara moja, nauli ya kurudi Moshi mwachie shemeji akutumie usiku kwa simu. Sitaki tena mambo ya kukukopesha nauli saa tano stendi.

Tunaanza saa nane kamili, kwa hiyo panda Coaster ya saa tano, usiniambie foleni Usa River. Nitakushikia kiti. Ila nikiwa blaindi kubwa na wewe ukanisukumia, nakuita na ree yoyote niliyonayo, urafiki tutaendelea nao nje.

Wako wa dirishani