Mhariri, tuwekeeni na picha ya majani ya foksiglovu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe la moyoni kuhusu foksiglovu. Kila kurasa za bustani zikiyagusa haya maua picha ni ile ile, bua refu limejaa maua ya zambarau kuanzia katikati mpaka juu, na chini yake maneno mawili matatu kwamba yanapendeza kwenye kingo za bustani na kwenye vyungu vya barazani. Kupendeza yanapendeza kweli, sibishi hata kidogo, mi mwenyewe nayapenda kuliko maua mengi. Ila hiyo picha inamwonyesha msomaji mmea ukiwa mwaka wa pili, ule wa kwanza hakuna anayeuonyesha, na mwaka wa kwanza ndo watu wanapoharibikiwa.

Maana foksiglovu ya kawaida, ile wataalamu wanaiita Digitalis purpurea, inaishi miaka miwili basi. Mwaka wa kwanza inatoa majani tu, yamejipanga duara chini karibu na udongo, hakuna bua wala ua. Mtu kapanda mbegu akiitegemea ile picha ya gazetini, anasubiri, anasubiri, anaona majani mapana yenye vinyweleo yanazidi kutanuka, anasema hili gugu limetoka wapi, anang'oa anatupa. Mwingine ananunua mmea umeshachanua, unamaliza maua, unaangusha mbegu, unakufa, naye anabaki kuamini kauua au kauziwa kibovu, kumbe mmea umemaliza maisha yake kama ulivyoumbwa. Wote hao bidii walikuwa nayo, walichokosa ni sentensi moja ya maelezo.

Alafu kuna zito zaidi, nalo ni sumu. Mmea wote ni sumu, majani, maua, bua mpaka mbegu, na hata majani yakikauka sumu haiondoki. Ndo hiyo hiyo iliyozaa dawa ya moyo. Daktari Mwingereza William Withering aliandika mwaka 1785 jinsi alivyowatibu nayo wagonjwa waliojaa maji mwilini, na shughuli kubwa ilikuwa kujua kipimo, na mpaka leo dawa ya digoksini, inayotolewa kwenye ndugu yake Digitalis lanata, inatolewa hospitali kwa uangalifu sana kwa sababu kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru nafasi ni finyu. Sasa kama daktari mwenye mizani anahangaika hivyo, aliyechuma jani bustanini atapimaje? Atatapika, moyo utaenda polepole au utaruka mapigo, wengine wanaanza kuona vitu vyote vya njano, na moyo unaweza kusimama. Aliyekula apelekwe hospitali hapo hapo, asisubiri dalili.

Haya mawili, miaka na sumu, yanakutana kwenye yale majani ya mwaka wa kwanza. Yameshachumwa na watu waliodhani ni komfri, mmea mwingine wa majani mapana ambao watu huufanya dawa ya kienyeji, wakaenda kuchemsha chai (na komfri yenyewe kuinywa haishauriwi, inadhuru ini, ila hiyo ni barua nyingine). Ukiyatazama kwa karibu tofauti ipo. Jani la foksiglovu ukingo wake una vimeno vidogo vidogo pande zote, ukilishika ni laini, chini lina weupe wa kijivu, na mishipa yake ya chini inateremka mpaka kwenye kikonyo. La komfri ukingo ni mnyoofu hauna vimeno, na vinyweleo vyake vinakwaruza mkono. Hiyo tofauti huwezi kuieleza kwa picha ya maua. Kwa hiyo ombi langu ndo hilo mhariri, siku nyingine mkiandika foksiglovu wekeni picha mbili, ya maua na ya majani tena iliyopigwa karibu kimeno kionekane, na neno SUMU liandikwe wazi, na wanaouza miche nao wangeandika hivyo hivyo kwenye vibao vyao, mmea wa miaka miwili, usile. Haigharimu kitu.

Sijaandika kuwatisha watu waache kupanda, naomba nieleweke. Nataka wapande zaidi ila wakijua wanachopanda. Vaa glavu ukiishika, nawa mikono ukimaliza, usiipande karibu na mboga za majani wala pale watoto wadogo na wanyama wa nyumbani wanapochezea, basi, hapo umemaliza habari ya hatari.

Kwenye ukingo wa bustani inapenda kivuli kiasi, jua la asubuhi linaitosha, na udongo wenye mboji unaoshika unyevu lakini maji yasituame. Maji yakituama mizizi inaoza na huko hakuna dawa. Acha kama sentimita 45 kati ya mche na mche maana yale majani yanatanuka, na iweke nyuma ya maua mafupi kwa sababu bua linafika mita moja na nusu, mengine mita mbili. Mbegu zake ni ndogo kama ugoro, usizifukie, zinahitaji mwanga ili ziote, wewe zimwage juu ya udongo laini ulioloa, zikandamize kidogo kwa kiganja, na kumwagilia weka trei ya maji chini ya chungu udongo unywe wenyewe, ukimwagia juu zote zinakimbilia kona moja.

Za vyunguni zina mambo yake, na hapa ndo naona watu wanadanganyika sana na picha. Chungu kidogo cha mezani hakifai. Chukua cha upana na kina cha sentimita 30 kwenda juu, kiwe na matundu chini, mche mmoja chungu kimoja, na ujue chungu kinakauka haraka kuliko ardhi kwa hiyo siku za joto kidole kwenye udongo kila siku, pakiwa pakavu mwagilia. Mbolea kali ya kukuza majani usiiweke, utapata majani ya kutosha na bua legelege. Upepo nao unaangusha mabua marefu, ndo maana barazani afadhali aina fupi kama Foxy au Digitalis grandiflora, hii ya pili maua yake ni ya njano iliyofifia na inarudi miaka kadhaa, kwa hiyo kwa mtu asiye na subira ya kupanda upya ni nzuri mno. Na kama unapoishi hakuna msimu wa baridi jua kwamba ile ya kawaida inahitaji baridi ndo itoe bua, bila hivyo itakaa majani matupu, tafuta zile zinazochanua mwaka wa kwanza kama Camelot na Dalmatian.

Zikichanua, tafadhali simama utazame nyuki, wale wakubwa wanene wenye manyoya. Maua yanafunguka kuanzia chini, na kila ua linaanza kwa kutoa chavua, baadaye ndo linakuwa tayari kupokea. Kwa hiyo ya chini, makubwa kiumri, yanapokea na yana mbochi mwingi, ya juu bado yanatoa chavua. Nyuki anaanzia chini, anaingia mzima mzima ndani akifuata yale madoa, anatoka, anapanda la juu yake, mpaka akifika kileleni mgongo umejaa chavua, anaruka kwenda kuanza chini ya bua lingine na huko ndo anaiacha. Mpangilio huu mimi sichoki kuutazama.

Maua yakiisha kata bua kuu, mara nyingi vinatoka vibua vidogo pembeni. Lakini bua moja liache likauke na mbegu zianguke, na mwaka unaofuata panda nyingine ili kila mwaka kuwe na za kuchanua na za majani. Miche ikiota angalia vikonyo, vyenye wekundu wa zambarau kwa kawaida vitatoa maua ya zambarau, vya kijani kitupu vinaelekea kuwa maua meupe, kwa hiyo mwenye kutaka nyeupe anapunguzia hapo hapo miche ikiwa midogo, amevaa glavu.

Ni mimi,
Msomaji na mpanda maua