Usizibe vali ya mtambo wa maji moto juu ya paa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie jambo linalojitokeza Nairobi na viunga vyake kila kiangazi cha Januari na Februari, wakati mitambo ya kupasha maji kwa kawi ya jua inapoanza kutema mvuke na maji moto juu ya mapaa, na wenye nyumba wakamwita fundi wa mabomba aje kuzuia maji yasipotee. Mara nyingi fundi huyo hupanda ngazi akiwa na kizibo mkononi, akaifunga vali inayotoa maji, akalipwa na kwenda zake. Naandika kupinga kizibo hicho.

Tuanze na chanzo cha joto lenyewe. Katika miezi hiyo kila mita moja ya mraba ya paa la Nairobi hupokea takriban kilowati-saa 6 za jua kwa siku. Mtambo wa lita 200 wenye paneli ya mita mbili za mraba, ukinasa nusu tu ya kawi hiyo, huongeza joto la maji kwa nyuzi 25 hivi kila siku. Familia ya watu watano ikioga na kuosha vyombo, ongezeko hilo huisha jioni na asubuhi. Lakini familia hiyo ikienda mashambani kwa Krismasi na nyumba ikabaki tupu majuma mawili, maji yaliyokuwa na nyuzi 20 hufika 45 siku ya kwanza na kukaribia 70 siku ya pili, na baada ya hapo huendelea kupanda, ingawa polepole zaidi, kwa sababu jua halichukui likizo. Kwa kuwa mji wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji katika tangi lisilo na shinikizo huchemka yakikaribia nyuzi 94, kwa hiyo anayesubiri 100 ndipo aingiwe na wasiwasi atakuwa amechelewa.

Wanunuzi nao huchangia. Julai, mwezi wa mawingu na baridi, ndipo malalamiko ya maji vuguvugu yanapowajia wauzaji, nao huyajibu kwa kuuza paneli kubwa zaidi au kuongeza mirija ya vioo inayonasa jua bila kuongeza tangi. Mtambo uliopimwa kwa kuutazama Julai peke yake hauna budi kuzidiwa Februari.

Maji yakipata joto hupanuka. Lita 200 zikitoka nyuzi 20 hadi 90 huongezeka kwa karibu lita saba, na lita hizo saba lazima zipate pa kwenda. Mtambo wa shinikizo huzitolea kwenye tangi dogo la upanuzi au kwenye vali ya usalama, na mtambo wa tangi wazi huzitolea kwenye bomba la kupumulia. Fundi akiziba njia hizo, maji hayaachi kupanuka; yanachofanya ni kutafuta sehemu dhaifu, iwe ni kiungo cha bomba, mshono wa tangi au tangi zima. Tangi la chuma lililojaa maji yaliyopita kiwango cha kuchemka, likipasuka, hugeuza sehemu ya maji hayo kuwa mvuke papo hapo, na nguvu yake inatosha kung'oa paa.

Naelewa uchungu wa mwenye nyumba. Katika mji wa mgao, ambako watu hununua maji kwa mitungi, kuona hata ndoo moja ikimwagika juu ya mabati kunaudhi. Basi na ayakinge: bomba la shaba au chuma litoke kwenye vali hadi kwenye pipa la chuma mahali ambapo watoto hawachezi. Bomba hilo lisiwe la plastiki, kwa maana mabomba ya PPR tunayoyapenda kwa urahisi wake hayakutengenezwa kubeba maji ya nyuzi 90 kwa muda mrefu. Wanaotumia maji ya kisima wawe waangalifu zaidi. Chumvi za maji magumu huganda upesi yakizidi nyuzi 60, na vali isiyonyanyuliwa mkono wake walau mara moja kwa mwaka huweza kukwama ikiwa imefungwa, jambo ambalo ni sawa kabisa na kuzibwa.

Tiba halisi ni kupunguza joto linaloingia. Anayesafiri afunike paneli kabla ya kuondoka, asubuhi mapema au jioni, kwa turubai la rangi nyeupe au kwa neti ya kivuli ambayo wakulima wa mboga huitandaza juu ya vitalu, aifunge barabara isipeperushwe na upepo. Anayebaki nyumbani atumie maji mengi ya moto jioni, afue hata mablanketi, ili asubuhi paneli ikutane na maji baridi. Tena azime hita ya umeme iliyomo ndani ya tangi. Nimeona majengo ya kupangisha ambamo hita hiyo huwaka mwaka mzima, jua likakuta maji tayari yana nyuzi 60, na mwenye jengo akashangaa kwa nini sola haijapunguza bili yake.

Wenye mirija ya vioo wana tahadhari ya ziada ambayo sijaiona ikiandikwa popote kwenye mitambo yenyewe. Mgao ukikausha tangi la juu, mirija hubaki mitupu juani na joto lake hupita nyuzi 200. Maji yakirudi saa saba mchana na kuingia humo yakiwa baridi, vioo hupasuka. Funga koki ya maji yanayoingia, ungoje hadi jua litue, ndipo ujaze.

Halafu kuna bafuni. Maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima kwa takriban sekunde tano, na ngozi ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Wengine hudhani dawa ni kuliacha tangi lipoe hadi nyuzi 40, lakini maji yanayokaa katika vuguvugu la aina hiyo huzalisha bakteria wa legionela, ambao husababisha homa kali ya mapafu. Tangi libaki na nyuzi 60 au zaidi, na kwenye bomba linaloteremka nyumbani pawekwe vali ya kuchanganya, inayoongeza maji baridi yenyewe ili yanayofika bombani yasizidi nyuzi 50.

Kanuni za mwaka 2012 zilipotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yawekewe mitambo ya jua, mabishano niliyoyasikia yalikuwa ya gharama na ya nani alipe. Habari za joto kuzidi hazikupata nafasi. Ningependa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ihakikishe kwamba kila fundi anayefunga mtambo huu anaiweka vali ya kuchanganya ndani ya bei ya kwanza, badala ya kuiuza kama anasa, na kwamba anamwachia mwenye nyumba karatasi moja ya Kiswahili inayoonyesha vali ya usalama iko wapi, hunyanyuliwaje, na paneli hufunikwaje. Wenye majengo ya kupangisha waibandike karatasi hiyo mlangoni pa ngazi ya paa, kwa sababu anayepanda huko Januari ni mtunzaji wa jengo, wala si mhandisi aliyeuchora mtambo.

Mkazi wa Lang'ata,
Nairobi