Mdogo wangu wa Dar, flashi yako nimeipokea na nusu nimeifuta

Mdogo wangu, asalaam aleykum.

Nimeona ulichoandika kwenye grupu la familia juzi usiku, kwamba dada yenu kazidi kuwafutia watoto katuni za flashi uliyowatumia, kwamba katuni ni katuni tu, na mtoto asipoangalia katuni aangalie nini, taarifa ya habari? Watu wamecheka, wamejaza vile viuso vya kucheka mpaka machozi, na mi nikanyamaza kwasababu nilikuwa nageuza samaki kwenye karai na kuandika kwa kidole kimoja siwezi. Leo umeme umekatika tangu adhuhuri, watoto wameenda Shangani kuogelea na baba yao, simu ina chaji asilimia 60, ngoja nikujibu vizuri. Na naiweka hapa wazi kwasababu najua si wewe peke yako, humu mtaani kwetu Chikongola, Mtwara, kila nyumba ina mjomba wake wa Dar.

Kwanza asante. Usije ukasema dada hana shukrani. GB 32 za katuni si kitu kidogo, na zawadi ya mjomba kwetu sisi unajua uzito wake, huku Umakondeni mjomba akishaongea hata baba mtu anatafuta kiti anakaa. Ndo maana nilivyoipokea flashi kwa yule kondakta nikaichomeka kwenye tivii siku ileile, sikufungua kuangalia kuna nini ndani, mjomba kaleta basi imepita. Kosa langu ni hapo.

Sasa nikusimulie ya mwiko, maana kwenye grupu ulisimuliwa nusu.

Ilikuwa siku ya nne ya flashi, likizo ya mwezi wa sita. Mwanangu mkubwa kakaa mkekani barazani anachambua choroko, mi niko uani natwanga kisamvu. Nikasikia ko! alafu kimya, alafu yowe. Kutoka namkuta huyu mdogo wa miaka mitatu na nusu kashika mwiko wangu ule mkubwa wa kusongea ugali wa muhogo, kaka mtu kashika utosi, damu kidogo, na nundu ishaanza kutoka kama kiembe kichanga. Nikategemea mtoto akimbie, si unajua akishakosea anavyowahi nyuma ya nyumba? Hakukimbia. Kaweka mwiko chini taratibu, kamsogelea kakake, kaweka kiganja juu ya ile nundu, akaanza kuikandamiza, na kakake ndo anazidi kupiga kelele. Akaniangalia akasema, "Mama, mbona haiingii?"

Sikuelewa. Nimeishia kumtafutia mkubwa barafu kwa jirani anayeuza juisi za mifuko, mdogo nikamgombeza, yakaisha. Nimekuja kuelewa usiku walivyowasha tena tivii nikakaa nao. Paka anapigwa nyundo ya kichwa, nundu nyekundu inapanda juu kama mnara wa simu, yeye anaisukuma kwa kidole inazama yote ndani, anaendelea kumkimbiza panya wake. Yani mwanangu hakuwa na ubaya wowote na kakake. Alikuwa anasubiri nundu izame.

Nikaanza kufuatilia hii Tom na Jerry imetoka wapi maana nimeikuta duniani na sikuwahi kujiuliza. Kumbe ni ya Marekani ya mwaka 1940, wametengeneza William Hanna na Joseph Barbera, na haikutengenezwa kwa ajili ya tivii ya sebuleni kabisa, maana hata huko kwao wakati ule nyumba zenye tivii zilikuwa za kuhesabu. Ilikuwa ya majumba ya sinema, inawekwa kabla ya picha yenyewe haijaanza, ukumbini wamekaa watu wazima na watoto waliokuja na wazazi wao, wanacheka kidogo alafu wanaingia kwenye picha waliyolipia. Zikabeba Oscar 7. Mi mwenyewe mpaka leo zinanichekesha, sitakudanganya. Lakini aliyetakiwa acheke ni mtu anayejua kwamba ukipigwa kikaango cha uso, uso haugeuki kuwa wa duara kama kikaango. Mtoto wa miaka mitatu hajui hilo. Utani unampita juu, yeye anabaki na kipigo.

Kwahiyo Tom na Jerry sijaifuta, ona unavyonisingizia kwenye grupu. Mkubwa anaangalia mdogo akishalala, na huyohuyo mkubwa na nundu yake ndo anayeziomba.

Nilichofuta ni lile folda lililoandikwa KATUNI MPYA. We uliwahi kulifungua? Naapa hukulifungua. Mi nimekaa nimeangalia vidio kumi na moja za mle ndani, kwa taarifa yako mdogo wangu nilitoka nje kupunga upepo. Kwa juu ni Spider-Man, ni yule malkia wa barafu mwenye gauni la bluu, rangi nzuri, kimziki cha watoto kinapiga, hawaongei neno, ni kucheka na kulia tu. Ndani sasa. Mmoja amefungwa anachomwa bomba la sindano kubwa kama mchi. Mwingine anafukiwa mchangani kichwa kimebaki nje. Mwingine anakunywa kutoka kwenye choo. Na ile ya mwanamke mjamzito ambayo sitaiandika hapa kwasababu wakwe wanasoma. Ndo nikaelewa kwanini mtoto ambaye hakuwahi kusumbua kwenye chanjo, siku hizi akimwona jirani yetu nesi anapita na sare yake anaingia uvunguni.

Haya mambo si mageni. Mwaka 2017 yalileta kelele kubwa, magazeti ya Marekani na Uingereza yaliandika, YouTube wakafuta vidio na kufunga chaneli nyingi, na zilikuwa zimeshapenya mpaka kwenye ile YouTube Kids waliyoanzisha 2015 eti ya watoto tu. Anayezitengeneza si mwenye Spider-Man wala mwenye malkia, ni mtu tu anatafuta hela ya matangazo, anajua akiweka sura ambayo mtoto anaijua mtoto atabonyeza, na mashine ikiona mtoto kabonyeza inamletea nyingine na nyingine. Ukishaitoa huko ukaiweka kwenye flashi ndo basi, hakuna wa kukufutia. Jamaa aliyekurushia hapo Kariakoo hakuziangalia, we hukuziangalia, mi sikuziangalia. Watu wazima watatu, na aliyeziangalia ni mtoto wa miaka mitatu.

Hapo sina mjadala na wewe wala na mtu.

Ya nguruwe ndo ilinichekesha. Mama alikuwa ameshuka kutoka Newala kuja kupimwa presha, akakaa kwangu wiki mbili. Magharibi imeshaswaliwa, kakaa na tasbihi yake, watoto wameweka Peppa Pig. Mama akatazama weee, akauliza hao wanyama gani hao wenye mashavu. Mkubwa bila hata aibu, "Nguruwe, bibi." Mama, "Nguruwe? Sebuleni? Saa hizi?" Nikamweleza ni picha tu mama, ya huko Uingereza, toka 2004 watoto wa dunia nzima wanaiangalia. Akasema hata kama picha, akae nje. Tukazima.

Mi Peppa sina ugomvi naye sana, wanaongea taratibu na wanaombana radhi. Ila kuna kisa chao kimoja cha buibui, mtoto anaambiwa buibui ni kadogo hakawezi kukudhuru, usiogope. Kwa Uingereza sawa, buibui wao ni wa kumtoa nje na glasi. Australia wana buibui wenye sumu kweli, na mwaka 2012 shirika lao la utangazaji likasema hapana, kipindi hicho hakirudiwi hapa. Si kibaya, ila kimetengenezwa kwa ajili ya kwingine. Nami nikafikiria huyu mwanangu mdogo akienda shambani kwa bibi yake Newala, msimu wa korosho, majani makavu yamejaa chini ya mkorosho na watoto ndo wanaookota, alafu kichwani ana yule nyoka wa katuni mwenye kope ndefu anaimba. Nyoka wa Newala haimbi. Hilo nimelimaliza kwa kumwambia tu kila anapotokea, huyu wa uongo, wa kweli tunafanyaje? Anasema tunaita baba. Mpaka sasa inafanya kazi.

SpongeBob, ile katuni ya kasikasi ya sponji, nimewaondolea wote wawili kwa sasa na mkubwa kaninunia. Chuo Kikuu cha Virginia, 2011, walichukua watoto 60 wa miaka minne, wengine wakawekewa SpongeBob kwa dakika 9, wengine kipindi kinachokwenda taratibu, wengine wakapewa kalamu za rangi wachore. Baada ya hapo wakapewa vimtihani vya kusubiri na kufuata maelekezo, na wa SpongeBob ndo wakafanya vibaya. Dakika 9! Wenye kipindi wakajitetea kwamba wao wanakitengeneza kwa watoto wa miaka 6 mpaka 11, na kwa kweli hapo wamenisaidia mimi. Najua ni utafiti mdogo na walipimwa palepale, haisemi mtoto kaharibika maisha. Ila mi nafundisha awali mwaka wa tisa huu, na asubuhi mtoto aliyeamkia kufagia na aliyeamkia tivii nawatofautisha kabla hawajakaa.

Sasa najua utakachojibu, maana ulishaanza: mbona sisi tumeangalia mapicha ya kivita na ya Wachina kwenye kibanda umiza tukiwa wadogo na tumekua. Tumekua ndio. Lakini we baada ya ile picha ya maiti wanaofufuka wanarukaruka, mpaka unafika darasa la sita ulikuwa hulali peke yako, na aliyekuwa anakusindikiza chooni usiku na koroboi ni mimi. Usinilazimishe niseme zaidi kwenye hadhara.

Na ulisema hata hadithi za mama zilikuwa na zimwi linalokula watoto. Zilikuwa nalo kweli, tena linatafuna na mifupa. Ila kumbuka ulivyokuwa unafanya, zimwi likikaribia mlango unashika ncha ya kanga ya mama, na mama akishaona kanga imeshikwa zimwi linapata usingizi, au mvua inanyesha linarudi kwao. Kuna siku kina kaka wakubwa walilalamika mbona jana lilimla. Jana ulikuwa umeshalala, ndo maana lilikula.

Tena we mwanaume umeingia jandoni, we ndo wa kunielewa kuliko wote. Umewahi kumsimulia asiyeingia? Hata mi dada yako uliyekubeba mgongoni hujawahi kuniambia, na ya unyago wetu sijakwambia. Wazee wetu walijua neno lina rika lake, halikuwa baya, lilikuwa halijafika saa yake kwa huyu. (Najua na unyago wenyewe siku hizi wanaingiza vitoto vidogo mno, na hilo nina ugomvi nalo, nitaliandikia siku yake.) Kinachonishangaza ni sisi haohao, mtu akianza maongezi ya kikubwa barazani tunawafukuza watoto nenda kacheze huko, alafu tunawasha tivii tunaondoka sisi.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 walisema aliye chini ya mwaka mmoja asiwekewe kioo kabisa, wa miaka miwili mpaka minne isizidi lisaa limoja kwa siku na ikipungua ndo vizuri. Nilivyosoma nilicheka peke yangu. Lisaa limoja kwangu linaisha kabla uji haujapoa. Siku ya kufua, siku ya kusahihisha madaftari, tivii ndo dada wa kazi wangu, na mwenye dada wa kazi asinitupie jiwe. Sikuandikii kama mtakatifu. Nilichobadilisha ni kwamba kitu kipya hakiingii kwenye tivii mpaka nimeshakiangalia mimi kwanza, hata dakika kumi nikiwa nachambua mchele, na mdogo haangalii peke yake mlango umefungwa.

Kilichobaki kwenye flashi mdogo anakipenda kuliko vyote ni Akili and Me, hii ya Ubongo hapohapo Dar kwenu. Katoto ka miaka minne kanaishi chini ya Mlima Kilimanjaro, kakilala kanaenda kwenye nchi yake ya ndotoni na wanyama wake wanahesabu na kuimba, na zipo za Kiswahili. Kinachonifurahisha kanauliza swali alafu kananyamaza, na mwanangu anajibu kwa sauti mpaka jirani anasikia. Mama naye alikaa akaangalia mpaka mwisho. Zilikuwa nne tu mle ndani.

Basi flashi nimeifuta vumbi iko kwenye kopo la majani ya chai, nafasi GB 19. Ukija kwenye korosho njoo na nyingine za Akili, za mkubwa nitafutie za magari anapenda magari, na kila utakayoweka ikalie hata robo saa kwanza. Kama sokoni bado ipo nitakuchemshia ming'oko, na pweza nitamtafuta Msangamkuu.

Na mama kaniambia nikuulize, yule nguruwe ulimlipia hela au walikupa bure?

Dada yako.