Pikipiki ya kwanza: soma kabla hujatoa hela

Habari zenu wanakikundi. Wengi mmeniuliza pembeni anayeanza anunue pikipiki gani na mazoezi ya kuendesha yatakuwaje, najibu hapa wote tusome.

Anayeanza, cc (ukubwa wa injini) 125 hadi 150 zinamtosha kabisa. Zile kubwa zinapendeza macho, lakini ukigusa mafuta kidogo tu inaruka. Kabla hujalipa, ikalie: nyayo zote mbili zifike chini, na uweze kuisukuma mwenyewe injini ikiwa imezimwa. Kama ni ya mtumba, kagua cheni, tairi, na namba ya chesisi (iliyogongwa kwenye fremu) ilingane na nyaraka.

Mazoezi tutaanza na klachi, ule mkono wa kushoto unaounganisha na kuachanisha injini na gurudumu. Achia taratibu mpaka uisikie inataka kuondoka, shikilia hapohapo, ndipo uongeze mafuta. Rudia hadi isikuzimikie. Halafu breki: ya mbele ndiyo yenye nguvu, maana ukisimama uzito hukimbilia mbele. Iminye polepole, usiikwapue, hasa kwenye mchanga au katikati ya kona. Na kwenye kona tazama unakoelekea; ukikodolea shimo macho, utaliingia tu.

Jumamosi saa moja asubuhi, uwanjani. Asiye na helmeti hapandi, hata kama ni mzunguko mmoja. Ndala pia hapana, jamani.