YAH: KUSOMEWA HADHARANI TOVUTI NILIZOFUNGUA

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salaam. Naandika kwa adabu, ingawa nina hasira.

Jumanne nilikuja ofisini kwenu kwa jambo moja tu: intaneti ya nyumbani inakatika kila jioni, na kifurushi cha mwezi nimeshalipia. Dada wa kaunta akafungua akaunti yangu, akasema mtandao hauna shida, shida ni matumizi yangu. Akaigeuza skrini, akaanza kunisomea tovuti moja moja kwa sauti. YouTube. Benki yangu. Halafu ile ya uvimbe wa kizazi, ambayo jina lake lenyewe linataja ugonjwa. Nyuma yangu kulikuwa na foleni.

Msiniambie kurasa za siku hizi zina kufuli. Kufuli linaficha ninachosoma ndani, lakini jina la tovuti linapita mikononi mwenu, maana rauta ni yenu na mitambo ni yenu. Kwamba mnaweza kuliona, sawa. Kwa nini mnalitunza? Na kwa nini dada wa kaunta analifikia kwa kubofya mara mbili? Daktari naye anajua siri zangu, lakini hawasomei faili langu walioko kwenye benchi.

Wiki mbili kabla ya hapo nilianza kupokea meseji za dawa za kusafisha kizazi kutoka namba nisizozijua. Nilizifuta tu. Sasa nauliza: namba yangu waliipata wapi?

Narudia, maana tangu siku ile sijalala vizuri. Alisoma jina la ugonjwa wangu mbele za watu. Nikamwambia taratibu, "Basi mdogo wangu, inatosha." Akanijibu, "Mama, mbona hizi ni taarifa za kawaida tu?" Akalisoma tena. Baba mmoja wa mtaani kwetu akainamisha macho. Mume wangu nilikuwa bado sijamwambia. Alhamisi aliniuliza yeye.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 mnaijua, na mnajua inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Kifungu cha 98 cha Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta kinawataka wafanyakazi wenu kutunza siri za wateja.

Nilikaa kuandika nikitaka kuombwa radhi tu. Haitoshi. Nataka nakala ya kila mnachokihifadhi juu yangu, majina ya wote mliowapa, kisha mkifute chote na kunithibitishia kwa maandishi. Na fidia. Nawapa siku 14. Ya 15 nitakuwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nakala kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na wakili wangu ameshaisoma barua hii.

Msinipigie simu. Nijibuni kwa barua, ndani ya bahasha iliyofungwa.

Mteja wenu,
(Jina na namba ya akaunti nimeviambatisha)