Kezilahabi si wa mtihani tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu Euphrase Kezilahabi, mwandishi ambaye kwa miaka mingi nilimfahamu kupitia maswali ya mtihani tu. Shuleni tulichambua dhamira, wahusika na tamathali za usemi katika Rosa Mistika, tukapata alama zetu, vitabu vikarudishwa kabatini. Hatukuambiwa kwamba riwaya hiyo ya mwaka 1971 iliwahi kuzuiwa shuleni, wala hatukujiuliza ni kitu gani ndani yake kiliwatisha wakubwa wa wakati ule.

Mwaka huu, nikiwa nimemaliza chuo kikuu na sina kazi, rafiki aliniazima Kichwamaji, iliyotoka mwaka 1974. Nilipofika pale ambapo Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anakwenda kuomba kazi ofisini kwa Mkuu wa Wilaya, naye Mkuu huyo ni Manase waliyesoma pamoja, nilifunga kitabu nikakaa kimya. Nami nimewahi kupeleka barua ya maombi kwa mtu niliyekaa naye dawati moja.

Hata hivyo, si ukosefu wa kazi ulionishika zaidi. Kazimoto anarudi kwa watu wake akiwa na elimu inayomfundisha kutilia shaka kila kitu, na kadiri anavyojua mengi ndivyo anavyopungukiwa na maneno ya kuzungumza na baba na mama. Hicho ndicho kizazi changu, ingawa mwandishi aliyaandika hayo kabla hatujazaliwa: tumesomeshwa kwa jasho la wazazi, wanatutazama wakisubiri habari njema, nasi tunajificha nyuma ya ukimya na kuuita uelewa.

Wapo wanaomlaumu Kezilahabi kwamba anawakatisha vijana tamaa, kwa kuwa Kazimoto anaishia kujiua. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao hata kidogo. Riwaya haikisifu kifo hicho. Inaonyesha jinsi kisasi na kiburi cha elimu vinavyomtenga mtu na waliompenda. Siku niliyoimaliza nilimpigia simu mama nikamweleza ukweli wa hali yangu, niliokuwa nimemficha kwa miezi minne.

Kezilahabi alifariki Januari 2020, akiwa ametuachia pia Gamba la Nyoka, Nagona na Mzingile, na inaniuma kwamba tangazo la kifo chake lilinipita kama habari ya mtu nisiyemjua. Ndiyo maana naliomba gazeti lako litenge walau nusu ukurasa kwa wiki kwa ajili ya riwaya za Kiswahili, zijadiliwe na wasomaji wanaozisoma kwa hiari, pasipo mwongozo wa maswali na majibu. Wasomaji hao wapo. Nakala ile ya kuazima haijarudi kwa mwenyewe. Sasa iko mikononi mwa mtu wa nne, na wa tano ameshaanza kunidai.

Wako,
Msomaji wa kila siku